Mfugaji Anayekuhoji Kabla ya Kukuuzia Mbwa

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Nakuru pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka sita na tisa. Mwaka jana tulinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara, tukaambiwa ni German Shepherd halisi na kwamba amekwisha kuchanjwa. Hakumaliza wiki moja. Aliharisha damu akafa, na daktari akasema ni ugonjwa wa kirusi uitwao pavo. Sasa nimeelekezwa kwa mama mmoja wa Limuru ambaye ana majike wawili wa German Shepherd nyumbani kwake na ana kazi yake nyingine inayomlisha. Amenihoji kuliko nilivyomhoji mimi: ua wetu ukoje, nani anashinda nyumbani, mbwa atalala wapi. Anataka tusubiri labda miezi mitano hadi jike wake azae, anasema yeye ndiye atakayeamua ni mtoto yupi anatufaa, na tutie saini mkataba kwamba tukishindwa na mbwa tutamrudishia yeye. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ile tuliyolipa mwaka jana. Mume wangu anaona tunadharauliwa. Je, masharti haya ni ya kawaida, na nitajuaje kama mama huyu ni mwaminifu?

Jibu: Dada yangu, pole kwa mbwa mliyempoteza. Masharti hayo yote ni ya kawaida kwa mtu anayezalisha mbwa kwa kuwapenda na si kwa kuwategemea kimaisha, na kama daktari wa mifugo ambaye sehemu kubwa ya kazi yangu ni mbwa, ningekuwa na wasiwasi zaidi kama mama huyo angepokea pesa zako bila ya kukuuliza lolote. Hata hivyo, ukali wa masharti peke yake hauthibitishi uaminifu wa mtu, kwa sababu maneno ya mkataba yanaweza kunakiliwa na yeyote. Kinachothibitisha ni kazi aliyoifanya kabla ya watoto kuzaliwa na katika wiki nane za kwanza za maisha yao, na kazi hiyo huacha alama ambazo unaweza kwenda kuziona kwa macho yako.

Naomba nianze na jambo linalomkera mumeo. Mama huyo hapimi hadhi yenu. Anajaribu kujua kama mnyama ambaye akiwa dume atafikia kilo 30 hadi 40 atapata mahali salama pa kukimbia, kama atakuwa na mtu wa kumwangalia mchana, na kama watoto wenu wamefundishwa kutomsumbua mbwa anapokula. German Shepherd hakutengenezwa kwa ajili ya kukaa bure. Kapteni Max von Stephanitz, aliyemnunua mbwa Horand mwaka 1899 na mwaka uo huo akaanzisha chama cha jamii hiyo nchini Ujerumani, alikuwa akitafuta mbwa wa kuchunga kondoo kutwa nzima, mwenye akili ya kupokea maagizo na pumzi ya kutembea bila kuchoka. Mbwa wa namna hiyo akifungiwa kibandani tangu alfajiri hadi usiku, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za miji yetu, huanza kubweka bila sababu, kuzungukazunguka mahali pamoja, na hatimaye kumwogopa au kumrukia kila apitaye. Mfugaji anayeuliza nani anashinda nyumbani anauliza kwa sababu anafahamu mwisho huo, na kwa sababu mbwa huyo atabaki na jina la ukoo wake kwa miaka kumi au zaidi.

Kusubiri nako kuna hesabu yake. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na mtoto hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Jumla ni kama miezi minne, bila kuhesabu muda wa kungoja jike aingie joto, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kama mara mbili kwa mwaka. Miezi mitano, kwa hiyo, ni jibu la mtu mwenye majike wachache ambao anawapumzisha. Mtu ambaye kila ukimpigia simu ana watoto wa wiki sita walio tayari kuchukuliwa, ama ana majike wengi kupita uwezo wake wa kuwatunza, ama anawazalisha katika kila joto, ama ananunua kwa wengine na kukuuzia wewe. Muulize mama wa Limuru jike wake ana umri gani, amezaa mara ngapi, na mara ya mwisho alizaa lini. Ili upate kipimo, Kennel Club, chama cha Uingereza kinachoandikisha mbwa wa nasaba, kwa kawaida haiandikishi uzao wa tano wa jike mmoja, wala uzao wa jike aliyekwisha kutimiza miaka minane. Nami kwa upande wangu nisingependa kuona jike wa German Shepherd akipandishwa kabla ya kufikisha miaka miwili.

Sababu yangu ni nyonga, na hapa ndipo ninapokuomba uwe na subira nami, kwa kuwa ndipo wanunuzi wengi wanapopita haraka. Ulegevu wa nyonga ni kasoro ya kurithi ambayo kichwa cha mfupa wa paja hakikai imara ndani ya tundu lake. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, hukimbia na wenzake, na maumivu yanaweza kujitokeza akiwa na miezi sita au akiwa na miaka mitano, wakati familia yote imekwisha kumzoea. Huwezi kuiona kasoro hiyo kwa kumtazama mtoto wa wiki nane, na mimi pia siwezi. Kinachowezekana ni kuwapiga wazazi wake picha ya eksirei wakiwa wamelazwa kwa dawa, miguu ya nyuma ikiwa imenyooshwa kwa namna maalumu, kisha picha hiyo ikasomwa na wataalamu wasio na maslahi yoyote katika mauzo. Waingereza huipa kila nyonga alama kuanzia 0 hadi 53, na jumla ya nyonga zote mbili ikiwa ndogo ndivyo ilivyo njema. Nchi nyingi zilizo katika shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa liitwalo FCI hutumia herufi, A ikiwa ndiyo bora na E ikiwa ndiyo mbaya kabisa. Shirika la Marekani liitwalo OFA, lililoanzishwa mwaka 1966, hutoa cheti cha mwisho pale tu mbwa anapotimiza miezi 24, kwa sababu kabla ya hapo nyonga inaweza bado kubadilika. Picha yenyewe hutumwa na mbwa hubaki kwao, kwa hiyo umbali si sababu ya kutopima.

Basi mwombe mama huyo akuonyeshe majibu ya nyonga, pamoja na ya viwiko ambavyo hupimwa kwa daraja la 0 hadi 3, ya mama na ya baba wa watoto. Angalia namba ya chipu (kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa) iliyoandikwa kwenye karatasi, ambayo kwa chipu za kiwango cha kimataifa huwa na tarakimu 15, halafu mwombe ampitishie jike mashine ya kusomea chipu au akuruhusu uje na daktari mwenye mashine hiyo. Mtu aliyegharimia vipimo hivyo hufurahi kuulizwa; mara nyingi atakuwa ametoa faili kabla hujamaliza sentensi. Maneno kwamba daktari alimtazama akasema ni mzima hayatoshi, hata kama daktari huyo ni mimi. Vilevile usiwe na hofu akikuambia kwamba mtoto mmoja wa uzao uliopita alipatikana na nyonga mbaya. Kasoro hii inatokana na jeni nyingi kwa pamoja, pia na ulishaji na mazingira ya utotoni, hivyo wazazi wazuri wanaweza kuzaa mtoto mwenye tatizo. Anayefuatilia watoto wake hata wakiwa wakubwa ndiye anayeweza kukupa habari kama hiyo, na yule anayeapa kwamba katika ukoo wake haijapata kutokea kasoro yoyote ama hajapima ama anaficha.

Kuna kipimo kingine ambacho ni rahisi zaidi, cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaowafanya German Shepherd wazee wapoteze polepole nguvu za miguu ya nyuma. Jeni inayohusika, iitwayo SOD1, huchunguzwa kwa mate au damu. Mbwa aliyerithi nakala mbaya kwa wazazi wote wawili ndiye aliye hatarini; aliyerithi nakala moja anaweza kuzalishwa bila madhara mradi mwenziwe awe safi. Ni swali moja la kuuliza, na jibu lake ni karatasi moja.

Utakapofika Limuru pengine hutamkuta dume, na hilo lisikutie shaka. Mwenye majike wawili mara chache huwa pia na dume anayefaa kwa wote wawili, na mfugaji makini husafiri au hulipa ili apate dume ambaye uzuri wake unafidia upungufu wa jike. Mwenye jike na dume uani, ambao huwakutanisha kila mara kwa sababu tu wako pamoja, ndiye anayepaswa kueleza zaidi. Hapo ndipo hati ya nasaba inapokuwa na kazi. East Africa Kennel Club, iliyo Nairobi, huandikisha mbwa wa nasaba, na hati yake itakuonyesha majina ya wazazi, mababu na wazaa mababu. Isome kwa makini uone kama jina moja linajirudia upande wa mama na wa baba. Watoto wa baba na binti yake, au wa ndugu wa tumbo moja, wana kiwango cha robo nzima cha jeni zilizorithiwa maradufu, na katika kiwango hicho magonjwa yaliyofichika hujitokeza kwa urahisi. Hati hiyo inathibitisha asili ya mbwa; haithibitishi afya yake wala tabia yake, ingawa wauzaji wengi hutamka neno cheti kana kwamba limemaliza mambo yote.

Mama wa watoto, kinyume na baba, lazima umwone. Tangu tarehe 6 Aprili 2020 sheria ya Uingereza imekataza madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita: mnunuzi sharti aende kwa mzalishaji mwenyewe na amwone mtoto akiwa na mama yake. Sheria hiyo imeitwa kwa jina la Lucy, jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba moja la kuzalishia mbwa huko Wales, akiwa amechakaa mwili kwa kuzalishwa mfululizo. Hapa kwetu ukaguzi huo, kwa sehemu kubwa, unaufanya wewe mnunuzi. Jike anayenyonyesha atakuwa amekonda kidogo na manyoya yake yatakuwa yamepungua, jambo ambalo ni la kawaida. Lakini anapaswa kutembea bila kuchechemea, macho yake yawe maangavu, na mwenye nyumba akiwepo akukaribie bila kujikunyata wala kukukoromea. Katika siku za mwanzo baada ya kuzaa anaweza kuwa mkali kwa wageni na hana kosa. Watoto wakifika wiki ya saba, woga wake au ukali wake ni taarifa muhimu kwako, kwa sababu tabia hizo hurithiwa na pia hufundishwa.

Jambo hili la tabia ndilo ninalolijali kuliko mengine yote katika barua yako, maana una watoto wadogo na unataka mlinzi. Kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya kumi na mbili hadi ya kumi na nne, ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea kwa urahisi kila anachokutana nacho na kukihesabu kuwa ni sehemu ya maisha. Dirisha hilo likifungwa, kitu kigeni huwa kitu cha kutisha. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watoto wa mbwa walilelewa uwanjani bila kuguswa na binadamu. Wale waliofikishwa wiki ya 14 kabla ya kuzoeshwa watu walibaki kama wanyama wa mwituni, na juhudi za baadaye hazikufua dafu. Karibu nusu ya kipindi hicho hupita mikononi mwa mfugaji. Kwa hiyo uliza watoto wanalelewa wapi. Wakiwa karibu na jikoni, wanasikia sufuria ikianguka, mvua ikipiga mabati, redio, bodaboda ikipita nje. Wanabebwa na wanaume, wanawake na watoto. Wanakanyaga nyasi, saruji na mchanga. Wakiwa katika banda la nyuma ambako mtu hufika mara mbili kwa siku kuwawekea uji, watatoka hapo wakiwa na miili mizuri na mioyo ya hofu.

Wengi wetu tumeaminishwa kwamba mlinzi mzuri ni yule mtoto anayekoroma na kuuma tangu utotoni, au kwamba mbwa hufanywa mkali kwa kufungwa na kunyimwa watu. Nimewatibu watoto wa shule walioumwa na mbwa wa nyumbani kwao kwa njia moja tu, nayo ni kuwasafisha jeraha kwa sabuni na maji mengi na kuwakimbiza hospitalini wakachanjwe. Na mara nyingi mbwa aliyewauma alikuwa mwoga wala hakuwa shujaa. Mbwa mwoga huuma yeyote aliye karibu, na aliye karibu ni mtoto wa nyumba. German Shepherd aliyelelewa vizuri huanza mwenyewe kulinda nyumba anapopevuka, kati ya mwaka mmoja na miwili hivi, kwa kuwa anawajua watu wake na anatambua asiye wao. Ndiyo maana mama wa Limuru anataka kuwachagulia. Wewe utawaona watoto wale kwa saa moja au mbili, pengine wakiwa wameshiba na wamelala. Yeye atakuwa amewaona kwa siku 50 na zaidi, anamjua anayeamka kwanza, anayerudi upesi kwenye kitu kilichomshtua, na anayehitaji nyumba yenye utulivu. Mweleze kwa ukweli maisha yenu yalivyo, umwambie unachokitamani, halafu umwachie nafasi. Una haki ya kumkataa mtoto aliyekuchagulia na ukangoja uzao mwingine, na jambo hilo mkubaliane mapema.

Kuhusu mkataba, kifungu cha kumrudisha mbwa ni ulinzi kwenu pia. Watu huhama, huugua, hupoteza kazi, na mbwa mkubwa asiye na pa kwenda huishia kuzurura mitaani au kufungwa mnyororo kwa jirani. Soma tu kama kinasema ni nani atakayegharimia usafiri, na kama kuna sehemu yoyote ya pesa itakayorudishwa. Soma pia kinasema nini iwapo daktari atakuta kasoro kubwa ya kuzaliwa nayo ndani ya siku chache za mwanzo, kwa mfano moyo wenye tundu. Pengine mkataba utawataka mumhasi mbwa au kumfunga kizazi. Kama ni hivyo, angalia umri uliotajwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, uliochapishwa mwaka 2016, uliwalinganisha German Shepherd na kukuta kwamba waliohasiwa au kufungwa kizazi kabla ya mwaka mmoja walipata magonjwa ya viungo karibu mara tatu ya wale walioachwa. Sharti la kufanya hivyo katika miezi sita ningeomba libadilishwe, na mfugaji msomaji atakubali.

Sasa tuje kwenye pavo, kwani ua wenu una historia. Kirusi hiki, kilichoenea duniani tangu mwaka 1978, hutoka kwa wingi katika kinyesi cha mbwa mgonjwa na kinaweza kuishi kwenye udongo wenye unyevu na kivuli kwa muda unaofikia mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Kwenye sakafu ya saruji, vyombo na milango, osheni uchafu wote kwanza, kisha mpake jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu 30 za maji na kuiacha dakika kumi kabla ya kusuuza. Udongo hausafishiki kwa jiki. Hapo mnategemea jua, ukavu na muda, na ndiyo maana miezi mitano ya kungoja ni faida kwenu. Kama kibanda cha mbao na matandiko ya yule wa kwanza bado vipo, vichomeni.

Yule muuzaji wa barabarani huenda hata hakudanganya aliposema mbwa amechanjwa. Mtoto hupata kingamwili za mama yake kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na kingamwili hizo zikiwa bado na nguvu huizima chanjo. Zikiisha, mtoto hubaki wazi. Hakuna ajuaye kwa hakika siku gani zitaisha kwa mtoto fulani, na kwa sababu hiyo Chama cha Dunia cha Madaktari wa Wanyama Wadogo hushauri chanjo ianze katika wiki ya sita hadi ya nane, irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi nne, na ya mwisho itolewe akiwa na wiki 16 au zaidi. Chanjo moja ya wiki ya sita ni mwanzo tu. Kadi utakayopewa Limuru iwe na tarehe, stika ya kichupa cha dawa, na jina, saini na namba ya usajili ya daktari aliyechanja, namba ambayo hutolewa na Kenya Veterinary Board. Iwe na tarehe za dawa ya minyoo pia, ambayo huanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili, kwa kuwa minyoo ya duara hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto tumboni na katika maziwa, na mayai yake yanaweza kuwadhuru watoto wako pia. Chanjo ya kichaa cha mbwa utaifuatilia wewe, akitimiza miezi mitatu. Ya leptospira, ugonjwa ambao majirani zetu Watanzania waliuita homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022, zungumza na daktari wako, hasa kama nyumbani kuna panya.

Kuna ubishi wa kweli kati ya mambo haya mawili, chanjo na kumzoesha mtoto dunia, kwa sababu dirisha la tabia linafungwa kabla chanjo hazijakamilika. Mbebe mikononi au mweke garini, aone soko, asikie adhana na ngoma za kanisani, akutane na wageni wanaokuja nyumbani, na acheze na mbwa wazima waliochanjwa ambao unawajua. Asiwekwe chini mahali ambapo mbwa wasiojulikana hupita. Hiyo ndiyo njia ninayowashauri wateja wangu, na matokeo yake ni mazuri.

Kupe nao wasisahauliwe. German Shepherd huugua vibaya kuliko jamii nyingi nyingine anapoambukizwa erlikia, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Muulize mfugaji anatumia dawa gani na aliitumia lini, ukaendelee nayo kwa ushauri wa daktari, na katu usimwogeshe mtoto kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwombe pia akupe chakula cha siku chache alichomzoesha, ili tumbo lisivurugike. Akianza kukua msimnenepeshe: Marekani, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, na waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi na viungo vyao vilichelewa kuumia. Msimwongezee unga wa chokaa wala wa mifupa juu ya chakula kamili cha dukani, kwani kalisi ikizidi huharibu mifupa ya mbwa wa miili mikubwa.

Bei inabaki kuwa kubwa, nami sitaki kuipuuza, kwa sababu pesa hazipatikani kirahisi. Lakini ihesabu pamoja na gharama za yule aliyekufa: bei yake, siku zake za dripu, na machozi ya watoto wenu. Katika bei ya Limuru kuna eksirei za wazazi, vipimo vya jeni, malipo ya dume, chakula cha jike mjamzito, pengine upasuaji wa kuzalisha, chanjo na dawa za minyoo za watoto wote, na usiku mwingi wa kukesha ambao mama huyo hakuuwekea thamani. Muulize bila haya pesa zake zimekwenda wapi. Aliye mkweli ataweza kueleza. Usitume pesa kwa simu, hata kidogo ya kushikia nafasi, kabla ya kwenda kumwona jike na nyumba, na ukitoa amana iandikiwe stakabadhi inayosema itarudishwa iwapo jike hatashika mimba au watoto hawatatosha.

Wiki hii, kabla ya kuzungumzia amana, mpigie mama huyo simu umweleze kwamba mbwa wenu wa kwanza alikufa kwa pavo hapo hapo uani, alikufa mwezi gani, na mmesafisha nini hadi sasa. Anaweza kukuomba mngoje zaidi, au akaamua kukaa na mtoto hadi wiki ya kumi au ya kumi na mbili ili apate chanjo ya pili akiwa kwake, naye akaendelea kumzoesha watu katika muda huo. Akisema hivyo, kubali. Kisha muombe siku ya kwenda Limuru na mumeo, muende bila watoto mara ya kwanza, na baada ya kumtembelea msipite kwa mfugaji mwingine siku hiyo hiyo na viatu vile vile.